Barafu ya Mti wa Mama

Wiki tatu zilizopita kijana mmoja alikuja kwenye banda langu pale sokoni Nyabugogo, Kigali, na miche sita ndani ya makopo ya nyanya. Mimi nauza matunda kwa jumla, na nimezoea watu kuniletea maajabu: parachichi refu kama bilinganya, matunda ya pasheni yaliyopakwa mafuta ili yang'ae. Kijana akapanga makopo yake chini, akafuta jasho, akaanza hotuba.

"Mama, hii ni tunda ya Bulaya. Iko kali, iko tamu, mahoteli wanaitafuta sana. Ukichukua yote nakupunguzia."

"Hujanitajia bei," nikamwambia. "Unapunguza nini?"

Akacheka, akataja bei. Nikahesabu makopo: sita. Nikahesabu tena: sita, lakini mche mmoja ulikuwa umeinamisha shingo, kwa hiyo tano na nusu. Hivyo ndivyo ninavyoanza mazungumzo na mtu yeyote, hata kwenye posa ya mpwa wangu nilianza hivyo. Kisha nikafanya kosa. Nikachuma jani moja, nikalisugua kati ya vidole, nikalinusa.

Sitaipamba harufu ile. Kwa asiyeijua ni kama mkojo wa paka aliyekula ndimu. Lakini mimi nilikaa juu ya kreti la mtu.

"Mama, kuna shida?"

"Huko ulikoutoa," nikamwuliza, "uliwahi kuuona umezaa?"

Kijana akatazama upande wa mabasi. "Utazaa, mama. Iko bado mdogo."

Nikachukua mmoja kwa bei ileile aliyoitaja mwanzo. Wapagazi wangu walitazamana. Mmoja akaniuliza kama nimepima malaria.

Nilikuwa na miaka saba mti wa kwanza wa aina ile ulipofika kwetu, mtaa wa Kagarama hapa Kigali. Nyumba ilikuwa ya Bibi, mama wa mama yangu, na tulikaa humo wawili tu. Baba alifariki kabla sijajifunza kuhesabu. Bibi alikulia Karagwe, ng'ambo ya mpaka, akarudi Kigali mtu mzima na Kiswahili chake mkononi kama sanduku, akagoma kukiweka chini. Kwa hiyo nje nilicheza kwa Kinyarwanda, ndani nilifokewa kwa Kiswahili.

Mama ndiye aliyenifundisha kuhesabu, kwa maharage, kabla hajaondoka. Nikimaliza fungu alikuwa akiniambia, "Hesabu tena." Hata nikipatia. Alisema mara ya kwanza mtu anahesabu anachokitaka, mara ya pili anahesabu kilichopo. Halafu akaenda Ubelgiji kumtunza bibi kizee mmoja wa huko, mwaka mmoja tu, arudi. Nikahesabu miezi kumi na miwili kwa chaki nyuma ya mlango. Nikahesabu tena. Ilikuwa kumi na miwili, na mlango haukufunguka.

Badala yake kila Jumapili mchana simu ya Bibi ililia. Tulikaa kwenye kizingiti cha jikoni kwa sababu hapo ndipo mtandao ulipokuwa unakubali kufika. Bibi aliongea kwanza, mambo ya presha yake na mvua, kisha akanipa. Mama aliniuliza nimekula nini, nami nikamwuliza unakuja lini. Yeye alijibiwa kila Jumapili.

Mti ulikuja ndani ya soksi. Rafiki yake, Tantine Odeta, alikuja Kigali kwenye harusi, na mama akampa mzigo: madaftari, gauni lililonibana siku ileile, na kijiti kirefu kama mkono wangu, kimefungwa na soksi ya mama iliyolowa maji. Pale uwanja wa ndege Tantine alinyang'anywa mfuko wa plastiki, maana kwetu mifuko hiyo ni marufuku, na soksi yenye kijiti ikapita. Alilia mfuko wake wiki nzima.

"Inaitwa kasisi," Tantine alisema. "Iko kwa bustani ya ule mukecuru mama yako anatunza. Inazaa vitunda vidogo vyeusi, bébé, ukikula moja uso wote unafunga halafu unafunguka."

"Kasisi?" Bibi akashika kijiti kwa vidole viwili. "Wa parokia gani?"

Tangu siku hiyo kwetu mti ule uliitwa Padri.

"Lakini sijui huku kwenu," Tantine akaongeza akiwa anavaa viatu. "Kule kunakuwa baridi sana, inalala kabisa. Baridi ikiisha ndiyo inaamka na kuzaa."

Wakubwa hawakusikia, walikuwa wanatafuta kiatu cha pili. Mimi nilisikia.

Jumapili iliyofuata nilimwambia mama nimeupanda kwenye kona ya ua, karibu na kisima cha maji ya mvua, na soksi nimeiweka chini ya godoro. Mama akacheka, kisha akasema maneno ambayo nimeyageuza miaka yote kama mtu anayekagua noti: "Utunze vizuri, mwanangu. Ukizaa, nitakuja tuyale pamoja."

Mtoto mwingine angesikia bembelezo. Mimi nilisikia makubaliano. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu ambacho ningeweza kufanya mimi mwenyewe, kwa mikono hii, na mama akarudi. Hapakuwa tena na kusubiri mukecuru apone au afe. Kulikuwa na mti, maji na mbolea ya mbuzi wa jirani. Niliona mama amenipa masharti nafuu sana.

Mwanzoni Padri alinitendea haki. Alitoa majani mawili, yakawa matano, yakawa kumi na tisa. Nilimwagilia asubuhi kabla ya shule na jioni kabla ya kula. Niliweka jivu kuzuia siafu. Kuku wa Bibi waliopita karibu walirushiwa kandambili, na mmoja alianza kuchechemea, Bibi akanituhumu, nikasema kuku amezaliwa hivyo. Kila Jumapili niliripoti. "Ishirini na saba, mama." "Hesabu tena." Nilikimbia, nikahesabu, nikarudi nikihema. "Ishirini na saba." Bibi alilalamika kwamba simu ya kutoka Ulaya inaliwa na majani.

Mwaka ukapita. Padri akafika kifuani kwangu. Ua hata moja halikutoka. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba kando ya mfereji wa barabarani kulikuwa na intumbaswa, yale matunda madogo ya manjano yenye koti la karatasi. Hakuna aliyeyapanda, hakuna aliyeyamwagilia, mbwa walikojoa hapohapo, na yalizaa tu. Nilikuwa nayachukia kama unavyomchukia mwanafunzi asiyesoma na anafaulu.

"Bibi, kwa nini hauzai?"

"Umeona wapi padri akazaa?" Bibi akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Nililia, na yeye akaacha kumenya. Nadhani hapo ndipo alipojua kwamba jambo hili kwangu halikuwa mchezo. Akanivuta, akanipangusa kwa kanga, akanilaza mapajani.

Nikiwa nimelala pale kwenye mapaja yake ndipo nilipokumbuka maneno ya Tantine. Baridi. Mti ulikuwa hauzai kwa sababu haukuwa umelala, na haukuwa umelala kwa sababu hakuna aliyeuletea baridi. Ilikuwa rahisi hivyo.

Baridi ya Kagarama nzima ilikuwa ndani ya friza moja, ya Mama Zulfa, mwenye duka la kona. Aliuza maziwa, juisi na mabonge ya barafu aliyogandisha kwenye makopo. Nikamwendea.

"Barafu ya nini? Nyumbani iko mgonjwa?"

"Ni ya mti."

"Ya muti!" Akamwita mumewe aliyekuwa anashona nyuma. "Baba Zulfa, kuja usikie! Kuna muti iko na homa!"

Nikangoja wamalize kucheka. Kisha nikamwambia nimeona maharage yake yana mawe, wateja wanalalamika, na mimi nachambua kwa haraka. Beseni moja kwa makopo mawili ya barafu.

"Beseni mbili, kopo moja."

"Beseni moja na nusu, makopo mawili, na yawe yamejaa."

Akafungua friza. "Wewe mutoto, ukikuwa mukubwa utatufunga sisi wote maduka." Tukakubaliana beseni moja na nusu. Biashara yangu yote ya leo ilianzia pale, na bidhaa yangu ya kwanza iliyeyuka njiani.

Kila siku baada ya shule nilichambua, nikapewa makopo mawili, nikakimbia. Barafu niliipanga kuzunguka shina kama watu wanaoota moto, ila kinyume chake. Nikafunika kwa majani ya mgomba isiyeyuke haraka. Nikakaa pale nikitazama inavyokuwa maji. Mikono ilikufa ganzi na nilifurahi, niliona ndiyo baridi ya mama yenyewe, kwamba sasa mimi, yeye na mti tumeshika kitu kimoja.

Kiangazi kilipoingia, majani yakaanza kubadilika rangi pembeni. Yakawa arobaini na moja. Yakawa thelathini. Niliogopa, nikaona labda baridi haitoshi, nikachambua beseni tatu na kuleta makopo manne. Yakawa kumi na mawili. Nilivyozidisha barafu ndivyo majani yalivyopungua, na nilivyoona yanapungua ndivyo nilivyozidisha barafu, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kuzidisha. Kwenye simu niliendelea kusema arobaini na moja. Mama akisema hesabu tena, nilisimama kwenye kona ya nyumba, nikahesabu pumzi zangu, nikarudi. "Arobaini na moja."

Wiki ya mwisho ya Agosti hapakuwa na jani hata moja. Nilihesabu mara mbili. Sifuri ni nambari ambayo haibadiliki hata ukiirudia.

Watu wa kwetu watanielewa. Kigali mti hauvui nguo zote. Migomba, mivumo, ua wa michongoma, kila kitu ni kijani mwaka mzima. Mti ukibaki vijiti vitupu maana yake ni moja tu, na hata mtoto anaijua.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilikuwa umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, kama kawaida, mtaa mzima nje na majembe. Zamu hiyo waliamua kusafisha mifereji na kuondoa vichaka vikavu nyuma ya nyumba, maana watu walikuwa wameona nyoka. Mzee Gaspari, jirani yetu wa juu, mtu mpole aliyekuwa anawasalimia hata watoto kwa mikono miwili, aliingia uani kwetu na panga. Akasafisha ukingo wa kisima, akafika kwenye kona.

"Mama," akamwuliza Bibi, "na hii?"

"Mwulize mwenyewe," Bibi akasema. "Ni wake."

Mzee Gaspari akachuchumaa mbele yangu, panga kalilaza chini. "Mwana, hii imekufa?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema ngoja. Nimejibishana na madereva wa malori saa za jua kali na sikuwahi kukosa neno. Siku ile nilitazama vijiti, nikatazama lile tope la barafu, nikasema, "Imekufa."

Alikata mara moja, pale chini. Mti ukalala. Mzee Gaspari akainama kuuokota, akasimama akiwa ameushika, hakwenda nao popote. Akaugeuza upande uliokatwa. Ndani, chini ya ganda lile la kahawia, palikuwa kijani kibichi, chenye maji.

"Eh," akasema taratibu. "Ilikuwa bado."

Akanipa kwa mikono miwili. Hakuna aliyekuwa na kosa, na hilo ndilo lililonishinda. Kama kungekuwa na mwenye kosa ningemdai. Mti ulikuwa umelala tu, kama Tantine alivyosema, umefanya nilichouomba ufanye. Nikauona umelala, nikautoa.

Nilikata vipande vinne, nikavipanda kwenye makopo ya barafu. Kwa siku kumi nilivimwagilia maji ya vuguvugu, nikiviomba radhi. Vyote vinne vilikauka. Nilipovunja cha mwisho kuangalia ndani, kilikuwa cheupe.

Ungefikiri hapo ningesema ukweli. Lakini makubaliano yalikuwa mti ukizaa, mama anakuja, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima mti uwepo. Kwenye simu nikampa mama majani. Nikampa maua, ambayo sijawahi kuyaona, nikasema ni mekundu. Na Jumapili moja, mvua imekatika, Bibi ameinuka kugeuza sufuria, nikasema, "Mama, umezaa."

Nilisikia gari linapita kule kwao.

"Umezaa?" akauliza. Sauti ilikuwa ndogo. "Ngapi?"

"Kumi na moja."

"Hesabu tena."

Nikasimama mbele ya ile kona iliyo wazi, kuku yule kilema akiparua udongo. Nikahesabu hewa, polepole, moja hadi kumi na moja, kwa kidole. Nikarudi.

"Kumi na moja."

Kilichofuata sikukijua ni kicheko au nini. "Niwekee," akasema. "Usiyale yote, mwanangu." Na simu ikakatika.

Nilimwekea. Wiki tatu nilivaa gauni la kanisani kila alasiri na kukaa getini. Bibi, ambaye alikuwa anaiona kona ile kila siku akimwaga maji ya vyombo, hakunisuta hata mara moja. Jioni ya mwisho alikuja akakaa karibu nami.

"Karatasi zake hazijatoka," akasema. "Akitoka kule leo, hawamruhusu kurudi kazini. Sisi tunakula hiyo kazi."

"Aliniahidi."

"Najua."

Basi. Nikaenda kubadilisha gauni.

Mama alikuja nikiwa na miaka kumi na tisa, kwa wiki mbili tu, karatasi zikiwa zimetoka mwezi mmoja baada ya kumzika Bibi. Siku ya pili alizunguka ua akigusa kila kitu. Huu ni nini? Mparachichi, mama. Na huu? Mchaichai. Mimi nyuma yake na jibu langu nililoliandaa miaka kumi na moja. Alipofika hatua mbili kutoka kwenye kona, aligeuka, akasema jua kali, twende ndani. Sokoni anayetaja bei kwanza ndiye anayepoteza. Tulikuwa wafanyabiashara wazuri mno, wote wawili. Wiki mbili zikaisha, nikamsindikiza uwanja wa ndege. Alikuwa ameishi miaka kumi na mitano kando ya bustani yenye miti ile. Alijua kwamba bila baridi haizai. Kama alilijua hilo siku aliponiahidi, au alikuja kulijua baadaye, sikumwuliza.

Na sasa siwezi tena kumwuliza, ingawa tunaongea kila Jumapili. Tangu mwaka jana kumbukumbu zinamtoka. Anaishi karibu na Tantine Odeta, ambaye humshikia simu. Amesahau kwamba Bibi amefariki. Mwanangu akimsalimia kwenye simu, yeye anamwita kwa jina langu. Lakini Jumapili moja, katikati ya maneno yasiyoshikana, aliuliza wazi kabisa, "Ule mti, umezaa?"

Nilifurahi vibaya. Nikasema, "Umezaa, mama. Kumi na moja."

Jumatatu Tantine alinipigia akiwa analia. Walimkuta kituo cha basi, nje kuna barafu barabarani, ana gauni la kulalia na begi. Ndani ya begi kulikuwa na soksi tu. Alimwambia dereva anakwenda Kagarama, mwanawe amemwekea matunda.

Tangu hapo nasema bado. Kila Jumapili anauliza, kila Jumapili namwambia, "Bado, mama. Ukizaa nitakuita." Nasikia anavyotulia. Namwahidi nikijua ninachokiahidi, kwa sauti tamu kabisa, na ninapomaliza nabaki nimeshika simu.

Mche wa yule kijana nimeupanda kwenye kona ileile. Nyumba ni yangu sasa, kizingiti ni kilekile, na mtandao bado unakubali hapo tu. Jumapili iliyopita alinipata nimekaa.

"Umezaa?"

"Bado, mama."

"Una majani?"

"Unayo." Ilikuwa mara ya kwanza tangu Padri akatwe kumwambia ukweli kuhusu majani bila kuona haya. "Tisa."

Akafikiri. Nilisikia Tantine akimwambia kitu, na yeye akimnyamazisha.

"Hesabu tena," akasema.

Nikaweka simu chini, nikaenda kwenye kona.